Baba Mwislamu, mama Mkatoliki: mtoto tumlee katika dini ipi?

Mama Mtarajiwa, Morogoro
Ndugu zangu, mimi ni Mkatoliki na mume wangu ni Mwislamu. Tulifunga ndoa ya serikali bomani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumbadilisha mwenzake dini, na hadi sasa tumeishi kwa amani: yeye hufunga Ramadhani nami humwandalia futari. Mwezi ujao natarajia kujifungua. Mama mkwe ameshatenga mbuzi wa akika, wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto akizaliwa, na mama yangu anaulizia tarehe ya ubatizo. Mume wangu anasema mtoto ataamua mwenyewe akikua. Mliopitia hali hii mliamuaje?

Katekista mstaafu
Mwanangu, hongera. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa yenu, lakini kwa Kanisa bado kuna jambo. Mkatoliki anayeomba kibali cha kuoana na asiyebatizwa huahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo bila yeye mwenyewe kulazimishwa kuahidi. Nenda ukamwone paroko, ikiwezekana pamoja na mumeo.

Mzaliwa wa Tanga
Dada, mimi nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo. Wazazi wangu nao walisema tutachagua wenyewe, kisha kwa kuogopa kukwazana hawakutufundisha chochote. Shuleni, kipindi cha dini kilipofika, Waislamu walibaki na ustadhi na Wakristo wakahamia chumba kingine. Mimi nilisimama mlangoni na daftari langu hadi mwalimu aliponiuliza mbele ya wote mimi ni wa upande gani. Nilimfuata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, na huo ndio uliokuwa uchaguzi wangu. Kwa hiyo nakusihi: amueni mtoto atafundishwa wapi, na yule ambaye dini yake haikuchukuliwa asiache kusali mbele ya mtoto wala asisemwe vibaya kwa imani yake. Mtoto anaweza kuvumilia tofauti ya dini, lakini kuulizwa kila sikukuu anampenda nani zaidi kunamuumiza.

Bin Shafii
Shemeji, nasema kama Mwislamu. Kwetu mtoto wa baba Mwislamu huhesabiwa Mwislamu, na sitakuficha kwamba ndugu za mumeo watalishikilia hilo. Hata hivyo, kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, akika ni sunna iliyokokotezwa, yaani iliyosisitizwa sana, si faradhi, na ikipita siku ya saba tangu mtoto azaliwe bado inaweza kufanywa baadaye. Mnao muda wa kuzungumza wawili nyinyi kabla wazee hawajakusanyika. Kisha kila mmoja amweleze mama yake mwenyewe, maana uamuzi ukitoka kinywani mwa mkwe huonekana ni ubishi. Je, mumeo ameshazungumza na mama yake, au wewe ndiye unayebeba maneno ya pande zote mbili?