Ushauri: namlaza bi mkubwa hoteli ndogo ya Shangani, usiku kunalalika?

MwanaWete
Asalaam alaykum wanajukwaa. Wiki ijayo namleta mama Unguja, ana kliniki Mnazi Mmoja Ijumaa asubuhi. Tutalala Alhamisi mpaka Jumapili. Mdogo wangu aliye Dar katuwekea vyumba viwili hoteli ndogo ya Shangani, Mji Mkongwe. Nia yake njema: hospitali si mbali, na jioni mama atajinyoosha bustani ya Forodhani. Ila picha nilizoziona, kitanda kimekula chumba chote, na mtaa wenyewe baa na mikahawa kushoto kulia. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na akishashtuka usingizini ndo basi, halali tena. Tukighairi tunakatwa pesa ya usiku mmoja. Jamaa tunao Jang'ombe lakini nyumba imejaa watoto, sitaki kuwabana.

ZamuYaUsiku
Waalaykum salaam. Nimekaa mapokezi ya usiku hoteli za huko miaka minne, nisikilize mie.

Udogo wa chumba usikutishe. Nyumba za Mji Mkongwe dari zake ni boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, ndo maana vyumba vya asili havizidi sana upana wa mita 3, hata kwenye majumba ya matajiri. Kuta ni mawe na chokaa, nyingine zinakaribia nusu mita. Muziki wa jirani haupiti ukutani, unapita dirishani. Zile mbao za dirisha hazizuii kitu. Omba chumba kinachotazama ua wa ndani, si barabarani.

Halafu piga simu, usiandike kwenye programu. Piga baada ya Isha umpate wa zamu ya usiku. Wa mchana atakwambia pametulia, kwa sababu muziki ukianza yeye keshafika kwao Bububu. Muulize kama juu ya paa pana baa, na jenereta imewekwa wapi. Umeme ukikatika saa nane usiku ukagundua jenereta iko chini ya dirisha lako, utanikumbuka.

Kijana_Michenzani
Yakhe, Ijumaa na Jumamosi Shangani hakulaliki. Mie ningekubali hasara ya usiku mmoja nikahamia Kiponda.

BintiMkunazini
Kiponda kumetulia, sawa, lakini teksi itamshusha mama mbali, kisha amalizie vichochoro kwa miguu, tena na magoti hayo. Shangani gari inafika Barabara ya Kenyatta.

Mie ninachoogopa ni NGAZI. Za nyumba kongwe zimesimama wima kama za mnazi, na lifti usiitarajie. Hapo hapo kwenye simu waambie chumba cha chini au ghorofa ya kwanza. Tulimpeleka shangazi hoteli moja, kifungua kinywa kikawa juu kabisa kwenye paa; siku zote tatu chai yake tulikuwa tunamshushia sisi.

Adhana ya alfajiri ataisikia popote, nadhani hiyo haitamsumbua.

Kijana_Michenzani
Hapo kwenye magoti nimekuelewa, nafuta kauli. Lakini asije Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, linapigwa Ngome Kongwe, na ngome iko pale pale. Hapo dirisha la uani wala la barabarani, yote mamoja.

ZamuYaUsiku
Februari hata vyumba vyenyewe vya kugombania. Na mkishuka boti Malindi, patana na hamali bei kabla hajagusa mzigo.

MwanaWete
Ahsanteni sana. Nimepiga jana usiku. Kijana mkweli, kanambia baa ya paani hawana ila ya jirani ipo, na upande wa barabara mtu halali mpaka watu watawanyike. Jenereta iko nyuma, mbali na vyumba. Katupa viwili ghorofa ya kwanza, kimoja cha uani, kimoja cha barabarani, vya uani vingine vimejaa. Na chai wataileta chumbani.

Nikamwambia mama cha uani ni chake. Kakataa! Anasema hajavuka bahari kuja kutazama ukuta, anataka kuona watu wanavyopita.

BintiMkunazini
😂😂 Mpe dirisha lake akae mpaka achoke, akianza kusinzia mbadilishane funguo.

MwanaWete
Nimemwambia hivyo hivyo. Kaniuliza atachokaje na Forodhani hajaenda bado.