Poti 3000 haina mtu ila Node inakataa kuwaka, Windows 11

fundi_mchanga
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana nimekwama kweli. Nina projekti ya Node (inayoendesha JavaScript upande wa seva) kwenye laptopu ya Windows 11, jana usiku imewaka vizuri tu nimeizima nikalala, leo asubuhi nawasha naambulia hii:

`Error: listen EACCES: permission denied 0.0.0.0:3000`

Nikajua ni yale yale ya prosesi ya jana kung'ang'ania poti (ule mlango wa namba ambao programu inapokelea mawasiliano), nikapiga `netstat -ano | findstr :3000`, kimya, haileti hata mstari mmoja. Nikafungua Task Manager nikaua node zote, wapi. Nikafungua teminali kama admini, wapi. Cha ajabu nikiipeleka 3100 inawaka bila shida, ila frontiendi na mambo ya kulogini yote yanaangalia 3000 na sitaki kuanza kugusa huko kote kwa ajili ya hili. Na kabla hamjauliza, Docker Desktop (ya kuendesha programu ndani ya kontena) ninayo ila hakuna kontena inayokimbia sa hivi. Tatizo nini hapa?

kaka_teminali
Hiyo dawa yake ndogo mkuu, `npx kill-port 3000` af washa tena.

bibie_wa_seva
@kaka_teminali sasa ataua nini wakati netstat imeshamwambia hakuna kitu 😅

Mkuu angalia jina la erori yenyewe. Poti ikiwa imekaliwa na programu nyingine Node inakuletea EADDRINUSE, hapo ndo unatafuta PID (namba ya prosesi) unaua. Wewe umeletewa EACCES, yaani mfumo wenyewe ndo umekunyima. Kwenye Linux ungeiona hiyo ukijaribu poti ya 80 bila kuwa root (admini wa Linux), ila kwa 3000 tena kwenye Windows yenye Docker na WSL 2 (Linux ndani ya Windows), mimi namshuku Hyper-V, ile sehemu ya Windows ya kuendesha mashine pepe, moja kwa moja. Kuna huduma inaitwa winnat, mashine ikiwaka inajitengea mafungu ya poti kwa matumizi yake, mara nyingi mia mia, na netstat haiwezi kukuonyesha kwa sababu hakuna prosesi iliyofungua kitu humo. Ni kama siti ya daladala iliyowekewa mkoba, hakuna aliyekaa ila na wewe hukai.

Piga hii utuletee majibu:

`netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp`

fundi_mchanga
Duh. Nimekata baadhi ila cheki hapa:

```
2959    3058
3159    3258
50000   50059   *
```

3000 imemezwa, na 3100 imepona katikati ya mafungu mawili ndo maana inawaka. Ila sasa mbona jana ilikubali? Sijainstoo kitu chochote. Na hiyo nyota ya mwisho ni nini?

bibie_wa_seva
Haya mafungu yanaweza kuhama kila mashine ikiwaka upya, jana yalikuwa sehemu nyingine leo yameangukia kwako, kesho utakuta 5432 au 8080 ndo imezibwa. Nyota ni zile zilizotengwa kwa amri maalumu, hizo hazina ubaya.

Kama una haraka, teminali ya admini, `net stop winnat`, washa Node yako, halafu `net start winnat`. Hiyo inakuvusha leo tu.

Kuliondoa kabisa, angalia kwanza `netsh int ipv4 show dynamicport tcp`. Hilo ni fungu la poti ambazo Windows inazigawa yenyewe; tangu Windows Vista kawaida yake ni kuanzia 49152, idadi 16384, huko juu ambako hakuna mtu anaweka seva ya dev. Nina uhakika kwako itasoma 1024, na ikianzia 1024 basi winnat inachota huku huku chini tunakofanyia kazi. Rudisha:

`netsh int ipv4 set dynamicport tcp start=49152 num=16384`

Rudia na ipv6, ristati mashine.

fundi_mchanga
1024 kweli!! idadi 13977. Nimerudisha, nimeristati, lile fungu la 2959 halipo tena na 3000 imewaka. Ubarikiwe sana dada, nilikuwa nimebakiza kufomati tu.

bibie_wa_seva
Usifomati bwana 😂 Ukitaka kulala usingizi kabisa, simamisha winnat, piga `netsh int ipv4 add excludedportrange protocol=tcp startport=3000 numberofports=1`, iwashe tena. Utaiona 3000 ina nyota, maana yake Windows haitaigawa yenyewe kwa mtu, ila programu inayoitaja kwa namba kama Node yako bado inaruhusiwa.

mpemba_wa_mac
Sisi wa Mac tunaumizwa na 5000. Tangu macOS Monterey ya 2021 AirPlay Receiver (ya kupokea video na muziki kutoka vifaa vingine) imejikalia hapo pamoja na 7000, na Flask, ile ya kutengeneza seva kwa Python, nayo nyumbani kwake ni 5000. Ukipiga `lsof -i :5000` unakuta jina limekatwa `ControlCe` (Control Center), ukiiua inafufuka hapo hapo. Nenda kwenye Settings uzime AirPlay Receiver, au ipe Flask 5001 uendelee na maisha.

kaka_teminali
@mpemba_wa_mac kumbe! Mi kuna browza ilikuwa inaniletea 403 (umekatazwa) tupu kwenye localhost:5000 nikadhani kodi yangu ya ruhusa ndo mbovu

mpemba_wa_mac
Piga `curl -I localhost:5000`, ukiona `Server: AirTunes` ujue anayejibu ni AirPlay, hata hujaifikia Flask.