Nimelala kwenye dungu nikilinda mpunga miezi miwili, halafu mtu ananiuliza "una uhakika si ng'ombe?"

Wakuu, naandika mkono unatetemeka na simu ina chaji asilimia tisa, kwa hiyo makosa ya herufi mnivumilie.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji. Yule wa kofia pana na miwani ya jua hata magharibi, anayefungua kila kikao kwa "ndugu zangu, tembo ni urithi wetu." Kuanzia Mang'ula mpaka Ifakara hakuna asiyemjua. Leo kaja shambani kwangu.

Usiku wa kuamkia leo tembo wameshuka kutoka Hifadhi ya Udzungwa. Ekari mbili za mpunga, ulishainamisha vichwa, bado wiki mbili nivune. Kamba nilipaka pilipili na oili chafu. Moto niliwasha. Debe nimelipiga mpaka limekuwa chapati. Wale mabwana wamenitazama kama mpiga ngoma wa harusi, wakaendelea na chakula. Asubuhi shamba kama uwanja uliotoka kufanyiwa mkutano wa kampeni.

Basi saa nne huyo kafika. Kashuka kwenye gari, kakanyaga mistari mitatu ya mpunga iliyokuwa imesalimika, kasimama. Mguu mmoja uko NDANI ya unyayo wa tembo. Unyayo wenyewe sinia la pilau la watu sita, umejaa maji, kiluwiluwi kinaogelea mle kama kapangishiwa. Kiatu chake cha ncha kimezama chote hakionekani. Na akiwa humo humo, bila kuutoa mguu, kanitazama usoni: "Mzee wangu, una uhakika si ng'ombe?"

NG'OMBE.

Ng'ombe wa nani? Ng'ombe gani anang'oa mgomba kama unavyong'oa mchicha? Kinyesi ndoo nzima kiko hatua mbili kutoka alipo, bado kinafuka!

Akapima umbali hadi mpaka wa hifadhi, akasema ni mita mia nne na ushee, na chini ya mita 500 hakuna kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoliwa. Haya, kanuni za 2011 ndivyo zilivyosema, sina ugomvi na kanuni leo. Ugomvi wangu ni ule mguu. Mguu ulikuwa ndani, wakuu. Soksi imelowa. Anauliza ng'ombe huku soksi imelowa maji ya unyayo wa tembo!

Ngumu Kumeza: Picha ya kiatu iko wapi? Bila picha huu ni uzi wa ng'ombe.

Mtoa mada: Simu ilikuwa kwa jirani inachajiwa.

Ngumu Kumeza: Basi ng'ombe.

Binti wa Kilosa: Nimecheka mpaka mume wangu kaja kuchungulia nasoma nini. Ila kaka, umepanda mpunga mita mia nne kutoka msituni, ulitegemea waje sungura? Hapo ni njia yao ya kwenda Hifadhi ya Nyerere tangu enzi za babu zao. Ndiyo maana wamejengewa na kivuko chini ya lami.

Gogo la Mto: Hapo kwenye kivuko ndipo mnaponichefua. Tembo anapita chini ya barabara ya Ifakara kwenye njia ya zege, mvua haimpati. Sisi kijijini tunavuka mto juu ya gogo. Mwenyekiti akivuka tunasoma dua.

Binti wa Kilosa: Gogo si mlikata wenyewe msituni?

Gogo la Mto: Lilianguka.

Binti wa Kilosa: Lilianguka likiwa limeshachongwa.

Mama Mizinga: Mleta uzi, tundika mizinga ya nyuki kwenye uzio, uiunganishe kwa waya. Tembo akigusa waya nyuki wanatoka, anageuza. Na asali unavuna.

Mtoa mada: Mama yangu, nilitundika. Waya niliugusa mimi saa nane usiku nikikimbilia debe. Tembo wamepita, mimi nikaenda zahanati. Lakini turudi kwenye mguu.

Kijana wa Voi: Pole ndugu. Huku Taita, Kenya, tuko katikati ya hifadhi mbili za Tsavo, tembo anatoka hii anaenda ile, shamba langu ndiyo stendi. Fomu ya fidia nilijaza mtoto akiwa chekechea. Sasa ananyoa ndevu.

Mwana wa Rungwe: Mnashangaa tembo kuitwa ng'ombe? Kwetu wazee walimtaja kipunji, kima wa msitu wa milimani, miaka nenda rudi, wenye elimu zao wakadhani ni mzimu wa hadithi. Mpaka 2003 watafiti walipomwona kwa macho yao ndipo akawa kima halali. Mnyama hayupo mpaka aonekane na mwenye miwani. Halafu mleta uzi, unalilia mpunga wa Ifakara? Mchele ni Kyela, huko kwingine mnapika tu.

Gogo la Mto: Umeanza.

Binti wa Kilosa: Kyela harufu nyingi, shibe hamna.

Mwana wa Rungwe: Harufu ndiyo mchele, dada. Shibe katafute ugali.

Kijana wa Voi: Wali wowote bila nazi ni adhabu.

Mama Mizinga: Huyu wa nazi ndiye mwenye akili humu.

Mtoa mada: Wakuu, MGUU. Ulikuwa NDANI.

Gogo la Mto: Mkuu tumekusikia, mguu, soksi, kiluwiluwi. Sasa huo mpunga uliobaki unauza debe bei gani? Nauliza kabla ng'ombe hawajarudi.