Kikundi cha Ukoo, Muyeye: Bia Chungu za Jumamosi

JUMATATU

Kadzo, saa 1:10 usiku
Hamjambo nyote, na shikamoo kwa wakubwa. Jumamosi tunakwenda Kakuyuni kupeleka mahari ya Katana, na wazee wakishamaliza yao, vijana wa pande zote mbili watarudi hapa Muyeye, Malindi, kwa mazungumzo ya jioni. Shemeji zetu wawili wamesoma Nairobi na wamezoea zile bia chungu za viwanda vidogo. Kwa hiyo naomba kila mmoja ataje aipendayo kabla ya kesho saa sita mchana, ili Karisa ainunue huko huko na kuituma kwa basi la usiku. Mchango ni shilingi 1,500 kwa kila mtu mzima anayekunywa, na asiyekunywa atachangia soda.

Kadzo, saa 2:40 usiku
Naona watu kumi na saba wamesoma ujumbe wangu na sioni jibu hata moja.

Mjomba Kahindi, saa 2:43 usiku
Mimi naipenda ile inayolipiwa na mtu mwingine.

Kadzo, saa 2:44 usiku
Mjomba, tafadhali, jambo hili lina haraka. Naomba utaje aina, si mlipaji.

Karisa, saa 4:15 usiku
Nisameheni kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Dada Kadzo, swali lako haliwezi kujibiwa kwa jina la bia peke yake. Hapa Nairobi wako Bateleur, wako 254, yuko Sirville, na kila mmoja anapika kwa mkono wake. Mimi nikiingia dukani huuliza kwanza bia imefungwa lini. Ule uchungu na ile harufu hutokana na hopsi, yaani maua ya kijani ya mmea utambaao, yanayofanana na vitufe vya majani. Yakichemshwa kwa muda mrefu hutoa uchungu, lakini yakitiwa mwishoni, au baada ya bia kuumuka na kupoa, hutoa harufu. Harufu hiyo ndiyo ninayoilipia, na ndiyo ipoteayo mapema kuliko vyote. Bia ya namna hii haizeeki vizuri. Ni kama tembo la mnazi, ukilichelewesha umekunywa kitu kingine.

Karisa, saa 4:22 usiku
Kuna hopsi za Marekani ziitwazo Cascade, zilizoanza kuuzwa mwaka 1972, ambazo zina harufu ya maganda ya balungi. Ziko nyingine ziitwazo Citra, ambazo huelekea zaidi kwenye embe lililoiva. Afrika Kusini nao wanalima zao kule George. Kwetu mmea huo haupati raha, kwa sababu unahitaji siku ndefu za kiangazi, na sisi tulio karibu na ikweta jua letu huchomoza na kutua kwa saa zile zile mwaka mzima, hivyo wapishi wetu huagiza hopsi kutoka nje. Niipendayo mimi ni IPA, yaani ile bia chungu yenye hopsi nyingi, iliyo na ukungu kidogo, rangi yake kama maji ya ukwaju, ambayo ukiisogeza puani unadhani kuna mtu anamenya balungi chumba cha pili. Uchungu wake hauji mara moja. Unameza kwanza, unanyamaza, ndipo unausikia nyuma ya ulimi, kama wa majani ya mchunga. Lakini nawatahadharisha kwamba Tusker ya kawaida ina kileo cha asilimia 4.2, na IPA nyingi hufika 6 au 7, kwa hiyo asiyezoea asihesabu chupa kwa mazoea ya zamani.

Mjomba Kahindi, saa 4:25 usiku
Kama ni harufu ya balungi, kwa nini tutume fedha Nairobi ilhali Bi Zuhura ana mbalungi uani?

Shangazi Dama, saa 4:27 usiku
Na mchunga uko nyuma ya choo cha Kahindi, bure kabisa.

Bi Zuhura, saa 4:31 usiku
Mabalungi yangu yanaombwa mchana kwa kubisha hodi, si kwa kurushiwa mawe saa za magharibi kama alivyofanya mtu mmoja ambaye yumo humu na anajijua.

Mjomba Kahindi, saa 4:32 usiku
Jiwe lilikuwa moja.

Kadzo, saa 4:40 usiku
Naomba turudi kwenye jambo. Karisa amesema IPA yenye ukungu. Nani mwingine?

JUMANNE

Kadzo, saa 3:05 asubuhi
Hamjambo. Hadi sasa nina jibu moja la maana na utani wa kujaza gunia. Nimekadiria chupa 24. Karisa ananiambia zinatakiwa kukaa kwenye baridi tangu zinaposhuka kwenye basi hadi zinapofunguliwa, na friji yangu ni ndogo. Bi Zuhura, jirani yetu mwema, je, unaweza kutupa rafu moja katika friji ya duka lako kuanzia Alhamisi?

Bi Zuhura, saa 5:20 asubuhi
Mwanangu Kadzo, Katana ni mtoto wangu, nimembeba mgongoni, na juisi ya ukwaju ya Jumamosi nimekwisha kusema naileta mimi, ndoo mbili, bila mchango wa mtu. Lakini friji yangu inaweka samaki na maji ya kunywa ya Waislamu wenzangu wa mtaa huu, na vileo siwezi kuviweka humo. Naomba usiniulize mara ya pili, nisije nikaona haya kukukatalia.

Kadzo, saa 5:24 asubuhi
Nimekuelewa, Bi Zuhura, na naomba radhi. Basi tutanunua barafu pale wanapouza wavuvi.

Mjomba Kahindi, saa 5:30 asubuhi
Hapo sasa bia itanukia changu, na shemeji watauliza hiyo ni hopsi ya nchi gani.

Shangazi Dama, saa 6:10 mchana
Kabla hatujafika kwenye barafu, mimi nina swali. Katika shughuli ya Sidi tulichangishwa hivi hivi, kwa maneno haya haya matamu, tukaletewa katoni ambayo hakuna aliyeweza kumaliza hata chupa moja. Nilitoa shilingi 2,000. Sikuziona katika bia, sikuziona katika chakula, na hesabu mpaka leo sijasomewa. Sasa naambiwa 1,500. Je, zitakatwa katika zile?

Kadzo, saa 6:12 mchana
Shangazi, mambo ya shughuli ya Sidi tulikwisha kuyazungumza.

Shangazi Dama, saa 6:13 mchana
Ulizungumza wewe. Sisi tulinyamaza.

Karisa, saa 7:45 mchana
Shangazi, shikamoo. Katika hilo kosa ni langu na nalikubali mbele ya wote. Katoni ile ilikaa juu ya keria kutoka Mombasa, kisha ikashushwa stendi saa saba mchana, na kijana niliyempa kazi ya kuipokea akazitoa chupa na kuzipanga ukutani juani ili apate kuzihesabu. Chupa zenyewe zilikuwa nyeupe. Mwanga wa jua ukiugusa ule uchungu wa hopsi huugeuza kuwa kitu chenye salfa, na haichukui muda mrefu. Nakumbuka nilifungua ya kwanza, povu likanimwagikia mpaka kwenye kiatu, na ile harufu ikaja kama kicheche amepita chini ya meza. Ndiyo sababu safari hii nachagua chupa za kahawia au makopo peke yake. Lakini hesabu ya fedha haikuwa mikononi mwangu.

Mjomba Kahindi, saa 7:50 mchana
Mimi nilimaliza yangu. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Sidi, saa 7:52 mchana
Ujumbe huu umefutwa.

Kadzo, saa 8:00 mchana
Hesabu ninayo katika daftari na nitaileta Jumamosi. Sasa naomba majina ya wanaochangia, kwa sababu Karisa anatakiwa kununua kesho ili mzigo uingie Alhamisi asubuhi, na bia hii, kama mlivyosikia, haingojei.

Baba Mkubwa Charo, saa 3:15 usiku
Wanangu, nimesoma yote, tangu mabalungi hadi kicheche. Sina ugomvi na bia zenu. Nimeionja moja aliyoniletea Karisa, na naona aliyeipika anajua kazi yake. Lakini tangu jana mnajadili kinywaji cha jioni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kadzama, lile tembo la kuwaamkulia wakwe, iko wapi. Wakwe hawaamkuliwi kwa chupa yenye kifuniko cha bati. Wanaamkuliwa kwa tembo la mnazi, lililogemwa siku ile ile, likiwa bado lina utamu, kwa sababu tembo la jana ni kali na la juzi ni siki. Karisa amelifananisha na bia yake, na amesema kweli. Karara, lile ganda la ua la mnazi, halianzi kutoa tembo siku linapofungwa, hivyo mgema alipaswa kuambiwa wiki iliyopita.

Baba Mkubwa Charo, saa 3:24 usiku
Nimekwenda kwake mwenyewe leo jioni. Nilimkuta anashuka mnazi, kisu chake cha kotama kiunoni, kibuyu chake cha kitoma kimejaa nusu, na nyuki wanamfuata. Hakuniambia neno baya. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za watoto, kisha akaniambia kwamba katika shughuli ya Sidi alipanda minazi mingi, asubuhi na jioni, akatuletea mitungi miwili ya lita 20, na akalipwa fedha za mtungi mmoja tu. Mgema huyu hatukumsifu, hatukumlipa, na tembo hakulitia maji. Mimi sitapanda gari la kwenda Kakuyuni kabla mtu huyu hajapata haki yake. Lala salama.

Kadzo, saa 5:02 usiku
Tumekusikia, Baba Mkubwa.

JUMATANO

Kadzo, saa 12:30 asubuhi
Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimelala nikilifikiria neno lako. Mtungi wa pili nilidhani umelipwa na Mjomba Kahindi.

Mjomba Kahindi, saa 1:15 asubuhi
Na mimi nilidhani umelipwa na Kadzo kutoka katika zile 2,000 za Dama.

Shangazi Dama, saa 1:16 asubuhi
Ahaa.

Kadzo, saa 1:40 asubuhi
Napendekeza kwamba mchango wa kwanza utakaoingia leo uende kwa mgema, deni la nyuma pamoja na malipo ya Jumamosi, na bia zipunguzwe kutoka 24 hadi 12. Anayekubali aseme.

Kadzo, saa 4:50 asubuhi
Anayekubali aseme.

Karisa, saa 6:20 mchana
Dada, nilikuwa nimekwisha kununua kabla ya kusoma. Ni makopo 24, yamefungwa wiki iliyopita, yote ni ile yenye ukungu. Nimetumia fedha zangu, mtanirudishia mkiweza. Kwa mgema natuma 1,000 sasa hivi kwa simu ya Baba Mkubwa.

Katana, saa 7:05 mchana
Shikamooni. Nashukuru kwa yote. Naomba tu kuwafahamisha kwamba shemeji mmoja ameacha pombe tangu Pasaka, na yule wa pili ameniambia kwamba akija Malindi hapendi kunywa kitu kinachopatikana Nairobi, anataka mnazi.

Bi Zuhura, saa 7:09 mchana
Ndoo za ukwaju zitakuwa tatu.

Nyevu, saa 10:30 jioni
Hamjambo, simu yangu haikuwa na chaji tangu Jumatatu. Kuhusu swali la bia tunayoipenda, mimi naomba ile isiyo chungu.

Kadzo, saa 10:45 jioni
Baba Mkubwa, je, mgema amezipokea fedha za Karisa, na je, amekubali kutugemea Jumamosi?

Baba Mkubwa Charo, saa 1:20 usiku
Amezipokea. Kuhusu Jumamosi amesema atatazama makarara.

Karisa, saa 2:55 usiku
Basi limeondoka. Nilimpigia Dada Kadzo mara tatu ili nijue nani ataupokea mzigo, simu haikupokelewa, kwa hiyo nimeandika jina la Mjomba Kahindi. Linafika stendi saa kumi na mbili asubuhi, na tafadhali makopo yasikae juani.

Kadzo, saa 3:01 usiku
Mjomba Kahindi, umeuona ujumbe wa Karisa?

Kadzo, saa 4:10 usiku
Mjomba, naona umesoma. Naomba ujibu.