Gereji na wauza oili wa Unguja mnatuulia gari zetu, na bado tunawalipa!

Wana jamvi, asalaam alaykum. Leo mtanisamehe lugha, nina hasira na sitozificha. Kama uko Unguja na gari yako inapelekwa sevisi kwa fundi wa mtaani, isome habari hii kisha nenda kafungue boneti mwenyewe.

Gari ni Probox ya 2010, injini ya 1NZ, ile ile iliyomo kwenye IST na Vitz za 1.5 zilizojaa njia nzima ya Mwanakwerekwe. Imetoka Japani, ikashushwa bandari ya Malindi hapa Unguja, na tangu siku ile inahudumiwa gereji moja tu. Jina siliandiki, wenyewe watajijua. Kila sevisi nalipa vitu vitatu: oili, filta ya oili na ufundi. Risiti zao za mkono ninazo, "filta" imeandikwa wazi na bei yake pembeni.

Karibuni gari ikaanza kuchoka. Ukiiwasha asubuhi cheni inapiga kelele kwanza ndiyo injini itulie. Ukikanyaga mafuta pale taa za Amani inavuta kwa shida mpaka daladala iliyopakia gunia za mbatata inakupita. Kisha taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Gereji wakasema plagi. Nikanunua plagi. Wakasema pampu ya mafuta. Hapo nikawaaga, nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi huko Fuoni.

Mzee hakugusa plagi wala pampu. Alifungua kifuniko cha kumiminia oili, akatia kidole, akanionesha. Tope jeusi, zito, linavutika kama halua iliyo bado motoni. Akafungua vali ya VVT-i, ule mfumo wa Toyota unaopanga muda wa kufunguka vali za injini, na kichujio chake kidogo kilichofichwa kwenye kichwa cha injini, kimeziba tupu. Mfumo ule unaendeshwa na presha ya oili, kwa hiyo oili isipopita, kemshafti (shafti inayofungua vali) haigeuki kwa wakati wake na nguvu inapotea. Cheni nayo inakazwa na presha hiyo hiyo, ndiyo maana ya ile kelele ya asubuhi.

Kisha akaingia chini kufungua filta. Ilikuwa imeganda, mkono haukuiweza, ikabidi aibane kwa mkanda wa kufungulia. Alipoitoa na kuifuta, maandishi ya Kijapani kote, na ubavuni mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: R4.6. Waliowahi kuagiza gari na kusoma karatasi za mnada wanaijua hesabu hiyo. R ni Reiwa, enzi ya mfalme wa sasa wa Japani, na mwaka wa nne wa Reiwa ni 2022. Juni 2022! Filta imefungwa Japani na Mjapani, imepanda meli, imevuka bahari, imetembea Unguja nzima mpaka Nungwi na Makunduchi, na hapana mkono wa fundi wa kwetu uliowahi kuigusa.

Sasa hizo filta nilizokuwa nikizilipia zimefungwa kwenye gari gani?

Nilirudi gereji na filta mkononi. Jibu nililopewa naliandika kama lilivyo: "Sheikh, ile ya Japani ni orijino, tukaona bora tuiache." Bora muiache! Na pesa nazo mkaona bora muzichukue?

Hesabu ya oili peke yake inawaumbua. Injini hii ukimwaga oili na kubadili filta inachukua kama lita 3.7. Usipobadili filta ni kama 3.4, kwa sababu oili chafu iliyomo ndani ya filta inabaki humo humo na inachanganyika na mpya dakika ile ile unapowasha. Wao wanamimina galoni nzima ya lita 4, anakunja kitambaa, "tayari bosi". Ukivuta kijiti, oili imepita mstari wa juu kwa mbali. Watu wanadhani ikizidi ndiyo salama. Oili ikizidi sana, krankishafti, ile shafti kuu inayozunguka chini, inaichapa mpaka inatoa povu, na pampu ikisukuma povu beringi hazipati ulinzi wowote. Galoni ya lita 4 kwenye 1NZ lazima ibaki kidogo. Ikibaki, ni yako, ichukue nyumbani.

Tuje kwenye oili yenyewe, maana hapa wauza spea nao wamo. Nenda duka lolote useme "nataka oili ya gari". Hakuulizi gari gani, ya mwaka gani, petroli au dizeli. Anakushushia oili nzito ya 20W-50, au ile ya namba 40 tupu, kopo la rangi ya kung'aa lenye picha ya gari ya mashindano. Nilizokuwa nikitiliwa mimi zimeandikwa nyuma, kwa herufi za chungu mdogo, API SF, yaani daraja la SF la API, taasisi ya petroli ya Marekani. Hicho ni kiwango cha miaka ya 80, na API wenyewe wanasema hakifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Probox ni ya 2010! Leo kuna SN iliyotoka 2010 na SP iliyotoka 2020, na SP imewekewa kinga maalumu ya kulika kwa cheni ya taimingi. Injini zetu hizi zote ni za cheni. Halafu mtu anakuuzia SF na kukwambia "hii ndiyo wanayotumia wote".

Na ile hoja ya joto nimechoka nayo. "Oili nyepesi ni ya Wajapani wenye barafu, huku kwetu joto, tia nzito." Fundi mzima anasema hivyo na wateja wanatikisa vichwa. Injini ikishapata moto, thamostati inaishikilia kwenye nyuzi 90 hivi, uwe Sapporo au uwe Jang'ombe. Namba ya pili kwenye kopo, ile 20, 30 au 50, inapimwa oili ikiwa nyuzi 100, kwa hiyo jua la Chwaka halimo kwenye hesabu hiyo. Namba ya kabla ya W ndiyo inayohusu oili ikiwa baridi, na kwetu "baridi" ni gari iliyolala usiku kucha. Asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, na ule muda mfupi wa kuwasha unakula chuma. Stika ya Kijapani mlangoni mwa gari yangu ilikuwa imeandikwa 0W-20, na waliibandua wao hao hao wakabandika ya kwao. Mimi silazimishi 0W-20, kuipata ya uhakika hapa ni kazi. Kitabu cha gari kinaruhusu 5W-30, inapatikana, na ndiyo niliyotia sasa. Ukiwa na gari iliyochakaa inayokula oili, panda mpaka 10W-40, nitakuelewa. 20W-50 kwenye VVT-i, hapana.

Galoni za kughushi nazo zipo. Makopo matupu ya majina makubwa yananunuliwa, tena kwa bei nzuri kuliko chupa za maji, na hamjiulizi yanakwenda wapi. Yanajazwa, yanafungwa upya, yanarudi rafuni. Angalia kile kipete cha kifuniko kama kimeshikamana kweli, angalia namba ya batchi kama imepigwa kwenye plastiki au imegandishwa kwa karatasi, na linganisha rangi ya kifuniko na kopo. Ukishamimina, toboa kopo kwa bisibisi hapo hapo mbele ya fundi. Nilipotoboa langu kwa yule mzee, kijana wake alisikitika wazi wazi. Kumbe lilikuwa na mteja!

Filta za bei ya kutupa, zile za boksi jepesi lisilo na jina la maana, mzee alinikatia moja kwa msumeno nione. Karatasi mikunjo michache, gundi imeachia upande mmoja, na ule mpira wa vali unaozuia oili isirudi chini gari ikizimwa ni mgumu kama kifuniko cha ndoo. Mpira ule ukiwa mbovu filta inabaki tupu usiku, na asubuhi injini inazunguka kavu mpaka ijae tena. Filta halisi za Toyota za kufungwa kwa mkono namba zake zinaanza na 90915. Usiende dukani kusema "filta ya IST", nenda na namba ya chesisi wakutafutie. Zipo na za makampuni mengine zilizo nzuri, ila uone kazi yake kwanza, usitazame boksi.

Muda wa kubadilisha ndipo ninapochekeshwa zaidi. Stika zao zote zinasema kilomita 3,000, gari yoyote, oili yoyote. Mjapani kwa injini ya petroli isiyo na tabo anaandika 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu anakata nusu, 7,500 au miezi sita. Sisi tuko kwenye matumizi magumu bila ubishi. Mwendo wa kutoka Kariakoo yetu ya Unguja mpaka Darajani, foleni, kusimama, injini haijapata moto vizuri umeshazima, vumbi la shamba ukitoka lami. Mimi nafanya 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na filta kila mara. Kwa wengi wetu tunaozunguka mjini miezi ndiyo inatangulia, kwa sababu safari fupi zinaacha maji na petroli ndani ya oili hata kama mita haijasogea. Teksi ya kiwanja cha ndege mpaka Nungwi kila siku, huyo atafika 5,000 upesi na hana haja ya kuhesabu miezi. Lakini hiyo 3,000 ya kutia SF juu ya tope la zamani na filta ya Juni 2022, ungebadili kila Ijumaa isingesaidia kitu.

Na mwenye kusuuza injini kwa dizeli au mafuta ya taa "itoe uchafu" asiguse gari yangu. Lile tope likibanduka vipande linakwenda kuziba chujio la pampu kule chini.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Kwa kaka wa Wete mwenye Hiace ya dizeli: wewe herufi zako za daraja la API zinaanza na C, si S. Tafuta 15W-40 yenye CF-4 au CI-4 na usiogope ikiwa nyeusi siku ile ile, dizeli inatoa masizi na kazi ya oili ni kuyabeba. Kwa aliyesema nina wivu na mafundi wadogo: mzee wa Fuoni ni fundi mdogo kuliko hao, hana hata banda, na filta kuukuu alinikabidhi mkononi bila kuombwa. Kwa walioshauri niende ZBS, taasisi ya viwango Zanzibar: galoni mbili ambazo hazijafunguliwa nimezihifadhi na nazipeleka huko zikapimwe.

Anayejua duka la Unguja linaloandika namba ya filta na batchi ya oili kwenye risiti alitaje hapa chini, tutalijaza wateja.

Na wewe uliyenifuata inboksi kuniomba niufute uzi huu "tuyamalize kindugu": siufuti. Ndugu yangu, rudisha kwanza pesa za filta.