HEC-RAS, OpenFOAM au FLOW-3D: ipi inafaa kwa utoro wa maji?

Mferejini
Wakuu, naombeni ushauri. Bwawa letu la umwagiliaji lina utoro (njia ya kutolea maji yanayozidi) wenye kilele cha mgongo mviringo, urefu m 20 toka upande hadi upande. Mafuriko makubwa tunayokadiria yatapita juu ya kilele kwa kina cha m 1.5. Nianze na programu ipi ya kuiga mtiririko wa maji kwenye kompyuta? Laptopu ni ya kawaida, RAM GB 16, na hela ya leseni hakuna.

mpiga_ramani
Kama hela hakuna, FLOW-3D imeshajitoa yenyewe. Chukua HEC-RAS, ni ya bure, jioni moja umemaliza.

KisimaKirefu
Amemaliza nini, mkuu? HEC-RAS haichori maji yanavyopinda juu ya kilele. Inatumia kanuni ileile ya darasani, Q = C × L × H^1.5 (Q ni maji yanayopita kwa sekunde, L urefu wa kilele, H kina cha maji juu yake, C namba inayotegemea umbo la kilele), na hiyo C unaipanga wewe. Weka 2.2 ya mgongo mviringo, unapata kama m³ 81 kwa sekunde. Weka 1.7 ya ukuta wa kichwa kipana, unapata 62. Bwawa lilelile! Kujua maji yatapanda hadi wapi mtoni, sawa. Mkandamizo kwenye zege, hapo hupati kitu.

Fundi_Zege
Na mkandamizo ndio unaoua. Kina kikizidi kile ambacho mgongo ulichongewa, maji yanataka kuachana na zege, mkandamizo unashuka chini ya ule wa hewa. Bwawa la Glen Canyon kule Arizona, Marekani, mwaka 1983, viputo vya mvuke vilitafuna zege ya mahandaki ya utoro mpaka kwenye mwamba. Ila usiogope, kwa bwawa dogo maji hayafikii mwendo ule.

Mama_Kichanja
Mferejini, chukua OpenFOAM, nayo ni ya bure; tumia kisolva interFoam, yaani sehemu yake inayokokotoa maji na hewa pamoja. Inagawa nafasi katika vijumba vidogo na kupiga hesabu katika kila kimoja. Lakini usithubutu kuweka utoro mzima! Ukipunguza upana wa kijumba kwa nusu, vijumba vinakuwa mara 8, na hatua ya muda nayo inapungua nusu, kwa hiyo kazi ni mara 16. Laptopu itakaangia mayai. Kilele chako kimenyooka, basi kata kipande chembamba kama slesi ya mkate, unene wa kijumba kimoja. Vijumba vya sm 10 vinakupa 15 ndani ya kina chako, vinatosha kuanzia. Pata C hapo, kisha ipeleke HEC-RAS.

mpiga_ramani
Kumbe si kuchagua, ni kuoanisha. Nimenyoosha mikono.

KisimaKirefu
Povu tu usiliamini. Hewa inayochanganyika na maji kwenye mteremko ni ndogo kuliko vijumba vyako, haionekani.

Mferejini
Nimeendesha slesi usiku kucha. Asubuhi C ni 1.4! Kuangalia picha, mpaka wa kutokea nilikuwa nimeuziba kwa ukuta, maji yamejaa nyuma na kukizamisha kilele. Nimeufungua, naendesha tena.