Darasa letu sasa ni ghala la korosho, na ramani ya ukutani itapigwa lipu. Nifanyeje?

Mtoto wa Tandahimba:
Wanajukwaa, kuchele! Naomba ushauri, jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Novemba nilikwenda kijijini kwetu Tandahimba kumzika shangazi. Siku ya pili nikapita shule niliyosoma. Wanafunzi walishahamia vyumba vipya kule barabarani, na jengo la zamani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kinalitumia kama ghala. Nilikuta magunia hadi madirishani, karani wa mizani amekaa palepale alipokuwa akikaa mwalimu wetu wa darasa la tatu.

Sina ugomvi na korosho, ndizo zilizonisomesha. Kilichonishika ni ukuta wa nyuma. Mwalimu alichora pale ramani ya Tanzania kwa rangi ya mafuta, mto Ruvuma kwa buluu, na kijiji chetu akakiwekea kidoa chekundu. Kila asubuhi mmoja wetu alitoka kwenye dawati kwenda kukigusa. Kimechakaa kwa vidole vyetu, kimebaki kama kovu, ila kipo. Mwalimu mwenyewe alishatangulia mbele za haki. Na matofali ya jengo lile wazee wetu waliyafyatua kwa mikono miaka ya operesheni vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja, baba yangu akiwemo.

Mwenyekiti wa chama anasema kuta zote zitapigwa lipu kabla ya msimu ujao, kwa sababu ya unyevu. Mimi niko Dar miaka mingi. Nikisimama kumpinga nitaonekana mtu wa mjini aliyekuja kuamuru. Niongee na nani?

Mlinda Ghala:
Pole kwa msiba, ndugu. Nimefanya kazi ghalani Masasi misimu 6. Magunia ya korosho hayatakiwi kugusa ukuta wala sakafu: chini unatandika vichaga, pembeni unaacha njia ya mtu kupita. Unyevu angalieni bati linalovuja, sakafu iliyopasuka na maji ya mvua yanayotuama kwenye msingi. Mweleze mwenyekiti hivyo, na uende na mifuko ya saruji. Maneno matupu hayatakufikisha popote.

Bi Mikindani:
Kwetu Boma la Wajerumani, la mwaka 1895, leo ni hoteli na watu wanalala humo. Nakuambia hivyo ili usiwachukie wenye ghala, kaka yangu. Jengo likikosa mtu, mchwa na popo wanalimaliza.

Mzee wa Newala:
Kijana, uliza kwanza jengo ni la kijiji, la halmashauri au la chama. Kama ni la kijiji, upo mkutano mkuu wa kijiji, unatakiwa kuitishwa kila miezi 3. Lakini usianzie mkutanoni. Watafute waliofyatua yale matofali ambao bado wako hai, kaa nao barazani, wasimulie wenyewe. Neno likitoka kwao, hakuna wa kusema limetoka Dar. Wewe utakuwa mjukuu aliyewapelekea sukari na majani ya chai.

Fundi Rangi Lindi:
Mimi ningeiacha. Ipige picha vizuri asubuhi mwanga ukiingia, uinakili kwenye karatasi kubwa, halafu uichore upya shule mpya. Watoto wa sasa nao wanahitaji kidoa chao cha kugusa.

Mtoto wa Tandahimba:
Asanteni sana. Nimempigia mama jana usiku. Wafyatuaji 3 wapo, mmoja haoni tena, lakini mama anasema huyo ndiye anayekumbuka kila kitu, hadi nani alibeba maji ya kukandia udongo. Nitakwenda mwezi wa 7, ghala likiwa tupu. Fundi, ramani ya shule mpya nakubali na rangi nitanunua mimi, ila ile ya zamani siiachi. Anayemjua fundi lipu wa Tandahimba au Newala anayeweza kupiga lipu ukuta akaizunguka ramani bila kuigusa, aniandikie.